Firauni ni ‘huyu’ au ni ‘hii’?

Kiswahili hakimruhusu mtu kumtaja maiti bila kwanza kuamua kama maiti huyo bado ni mtu. Mwingereza anaposema kwamba mfalme fulani wa Misri ya kale amehamishwa kutoka jumba moja la makumbusho hadi jingine, kitenzi chake hakimdai lolote. Meza na mfalme huhamishwa kwa kitenzi kile kile. Sisi tunadaiwa papo hapo. Ramses wa Pili alihamishwa, au ilihamishwa? Yuko Kairo, au iko Kairo? Kiambishi kimoja, tena chenye irabu moja tu, kinatosha kumwingiza mfalme katika jamii ya watu au kumtupa katika kundi la meza, sahani na kalamu.

Swali hili si mchezo wa wanaisimu. Mwalimu mmoja afundishaye karibu na Nyamache, kule Bobasi, aliniandikia kwamba darasa lake liligawanyika kwa sababu ya sentensi moja ya insha. Mwanafunzi aliandika, “Mumia huyu alipigwa picha na madaktari.” Mwalimu akapitisha kalamu nyekundu na kuandika juu yake, “Mumia hii ilipigwa picha.” Mwanafunzi akapinga kwa hoja kwamba nyanya yake, aliyezikwa kando ya nyumba yao, haitwi “hii”. Mwalimu alitaka nimwamulie. Maoni yangu ni kwamba mwanafunzi alistahili alama yake. Ila sababu za kumpa ni nyingi kuliko ile aliyoitoa, na baadhi yake zinatutoa Misri na kuturudisha hapa hapa kwetu.

Tuanze na neno lenyewe. Mkenya anaposikia “mumia”, huenda akamkumbuka kwanza Nabongo Mumia wa Wawanga, aliyefariki mwaka 1949, na ambaye jina lake halihusiani kabisa na habari hii. Mumia wa Misri ametoka mbali. Kwa Kiajemi mum ni nta. Kutokana na neno hilo likapatikana mumiya, jina ambalo Waarabu waliita aina ya lami nyeusi iliyotumiwa kutibu majeraha na mifupa iliyovunjika. Watu walipowaona maiti wa Misri wamepakwa utomvu mweusi, wakadhani ni lami ile ile, na jina la dawa likamhamia marehemu. Ulaya haikuishia kwenye jina. Kwa karne kadhaa maiti hao walisagwa na unga wao kuuzwa katika maduka ya dawa, na wachoraji nao wakautumia kutengenezea rangi ya kahawia.

Pwani yetu ililipokea neno hilo kwa umbo la mumiani. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inataja dawa nyeusi mfano wa utomvu, na imani ya watu kwamba dawa hiyo hutokana na damu ya binadamu. Kisha mumiani akawa mtu, yaani mnyonya damu anayevizia watu usiku. Wakati wa ukoloni uvumi ulipanda hadi bara, na huko Nairobi na Kampala walioshukiwa wakawa ni wazimamoto. Mwanahistoria Luise White aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 2000. Wasomi wetu wengi huwacheka wazee kwa uvumi ule. Mimi siwacheki. Neno walilopewa lilikuwa na historia ya kweli ndani yake: kulikuwa na watu waliozifanya maiti za wenzao bidhaa, wakazisaga na kuzipima kwa mizani. (Na tazameni jinsi kalamu yangu ilivyoteleza hapo ikaandika “maiti za”, kwa vile biashara ilipotajwa, hata ngeli ilifuata bei.)

Wamisri wenyewe hawakuwa na haja ya lami katika jina. Mwili uliokwisha kukaushwa na kuvikwa sanda waliuita sah, neno lililo karibu na lile la utukufu na cheo. Kwao kazi ya siku 70 ya kuukausha mwili kwa magadi na kuufunga vitambaa ilimpandisha marehemu daraja, haikumshusha.

Sasa tuone jinsi alivyopokelewa na wasomi. Mwaka 1881 wakuu wa mambo ya kale walifikishwa kwenye shimo la siri huko Deir el-Bahari, ambako makuhani wa kale walikuwa wamewaficha wafalme wao ili kuwaepusha na wezi. Tarehe 1 Juni 1886 Gaston Maspero alimfungua Ramses wa Pili mbele ya mtawala wa Misri, Tewfik, na wageni wake. Sanda zilizodumu zaidi ya miaka 3,000 ziliondolewa kwa muda mfupi kuliko ule tunaoutumia kusahihisha madaftari ya darasa moja. Tutankhamun, ambaye kaburi lake liligunduliwa na Howard Carter mwaka 1922, alipatwa na makubwa zaidi. Utomvu ulikuwa umemgandisha kwenye jeneza lake la dhahabu. Basi mwaka 1925 alikatwa vipande ili atolewe, kisha vipande vikapangwa upya juu ya mchanga.

Miaka ya karibuni mambo yalibadilika, na hapa sina budi kuisifu sayansi. Kwa mashine za tomografia, ambazo hupiga picha nyingi za eksirei na kompyuta kuziunganisha, daktari huweza kumwona marehemu ndani ya sanda bila kuigusa. Amenhotep wa Kwanza hakuwahi kufunguliwa na mtu yeyote wa zama zetu, kwa kuwa sanda na maua yake yalikuwa mazuri mno. Mwaka 2021 Sahar Saleem na Zahi Hawass walitangaza yaliyomo ndani: mwanamume wa miaka kama 35, urefu wake sentimita 169 hivi, meno yake mazuri, na hirizi 30 mwilini. Hakuna uzi uliokatwa. Ramses wa Tatu naye aliwapa wanahistoria jibu walilolitafuta kwa muda mrefu. Mafunjo ya kale yanayohifadhiwa Turin yanaeleza kesi ya watu wa nyumba yake waliokula njama dhidi yake, lakini haikujulikana kama njama ilifaulu. Picha zilizotangazwa mwaka 2012 zilionyesha chini ya vitambaa vya shingo jeraha pana lililofika mfupani. Koo lake lilikuwa limekatwa.

Wanafunzi wa historia na wayatazame hayo kwa makini. Uchunguzi uliomheshimu marehemu ndio uliopata elimu zaidi. Waliofungua kwa pupa mwaka 1886 waliona uso na nywele tu. Waliosubiri waliona mifupa, hirizi na kisu cha muuaji.

Heshima hiyo haikuja yenyewe. Ramses wa Pili alipopelekwa Paris mwaka 1976 kwa sababu ya kuvu waliokuwa wakimla, alipokewa uwanja wa ndege kwa gwaride la kijeshi kama mkuu wa nchi, akatibiwa kwa mionzi ya gama, na mwaka 1977 akarejeshwa kwao. Vizuri sana. Lakini mwaka 2006 Mfaransa mmoja alijaribu kuuza nywele na vipande vya sanda vya mfalme huyo huyo, alivyovipata kwa baba yake aliyekuwa miongoni mwa wachunguzi. Vilirudishwa Misri mwaka 2007. Gwaride mlangoni, mkasi chumbani.

Wamisri nao hawakuwa na msimamo mmoja. Mwaka 1980 Rais Anwar Sadat aliamuru chumba cha wafalme kifungwe, kwa kuona si adabu kuwafanya maiti tamasha. Kikafunguliwa tena mwaka 1994. Tarehe 3 Aprili 2021 wafalme 18 na malkia 4 walipitishwa katika barabara za Kairo, kila mmoja na gari lake lenye jina lake, hadi makumbusho mapya ya Fustat, mizinga 21 ikalia na Rais Sisi akawapokea mlangoni. Wako waliosema ni maonyesho ya siasa na utalii. Hapana shaka siasa na utalii vilikuwemo. Hata hivyo nchi iliyowapigia mizinga ilitamka hadharani kwamba hao ni “wao”, si “hivyo”.

Basi turudi kwenye sarufi, kwani mwalimu yule hakuwa mzembe. Ngeli zetu hazijaamua kamwe juu ya wafu. Marehemu na hayati huchukua upatanisho wa watu bila ubishi. Maiti, wako wasemao “amezikwa” na wako wasemao “imezikwa”. Mzimu tumemweka pamoja na mti na mlima, tukasema mizimu imekasirika, ijapokuwa anayekasirika alikuwa babu ya mtu. Kwa Ekegusii mizimu ya wahenga ni ebirecha, na neno hilo liko katika ngeli inayolingana na KI-VI yetu. Yaonekana Wabantu wa kale waliona kwamba afapo mtu hujitenga kidogo na kundi la walio hai, ila hawakuafikiana ni umbali gani. Pale sarufi inapotuachia hiari, uteuzi unakuwa wa maadili, na ninapendekeza hivi: tunapotaja mifupa, ngozi au mwili, tutumie ngeli ya vitu hivyo, kwa sababu daktari lazima apime mfupa kama mfupa. Tunapomtaja mwenye mfupa, tuseme “huyu”. Majumba kadhaa ya makumbusho ya Uingereza yalianza kuacha neno lao la mumia na kusema “mtu aliyekaushwa”. Habari hizo zilipovuma mwaka 2023 watu wengi waliwakejeli. Wangalikuwa na ngeli ya A-WA wasingalihangaika hivyo.

Atakuja mtu aniambie kwamba firauni amekufa miaka 3,000 iliyopita na hana wa kumlilia. Tena kwa Waswahili wengi “firauni” ni tusi. Nami nitamwuliza, je, ni miaka mingapi ya kutosha? Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, nao wakamkata kichwa. Kichwa hicho kiliingia hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, kilichoitaka Ujerumani ikirudishe. Haukutokea urudishaji wowote mpaka Gavana Edward Twining alipokwenda Bremen, kwenye shehena ya mafuvu takriban 2,000, akalichagua moja kwa vipimo na kwa tundu la risasi. Mwaka 1954 alilikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, huko Kalenga. Kupima upana na urefu wa kichwa si njia ambayo maabara ya leo ingeiamini. Lakini Wahehe walimpokea, na kama watataka vinasaba vipimwe, ruhusa ni yao. Fuvu hilo limewekwa ndani ya kioo na watu hutozwa kiingilio, jambo linalonionyesha kwamba kioo chenyewe si tusi. Tusi ni kuwekwa kiooni na mtu asiyekujua jina.

Mwaka 2023 wachunguzi wa Berlin walitangaza matokeo ya utafiti juu ya mafuvu 1,135 yaliyokusanywa Afrika Mashariki enzi za ukoloni: 904 yalitoka katika eneo la Rwanda ya leo, 202 Tanzania na 22 Kenya, na 7 hayakutambulika. Walilinganisha vinasaba vya baadhi ya mafuvu ya Wachaga na mate ya watu walio hai, wakapata jamaa. Fuvu moja lilikuwa limeandikwa “Akida”, na mwenyewe alikuwa mshauri wa Mangi Meli, aliyenyongwa Moshi ya Kale mwaka 1900 pamoja na wenzake. Kichwa cha Meli mwenyewe hakikuwemo miongoni mwa yaliyotambuliwa. Hao si mafirauni wa miaka 3,000. Wana vitukuu wanaolima kahawa.

Na Gusii? Mwezi Januari 1908 Otenyo, kijana wa Kitutu aliyechochewa na Moraa wa Ngiti, alimchoma mkuki mtawala Northcote, ambaye Abagusii walimwita Nyarigoti. Northcote akapona. Kisasi cha Waingereza kilikuwa kikali hata Winston Churchill, akiwa Wizara ya Makoloni, alilalamikia mauaji hayo. Otenyo aliuawa, na wazee husimulia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Madai ya kutaka kirudishwe yametolewa mara nyingi, na mara nyingi yameishia kwenye hotuba. Wachaga walipata jamaa zao kwa sababu majina ya koo yalijulikana na wajukuu walikuwa tayari kutoa mate. Sehemu moja ya vinasaba inayotumika katika kazi kama hii hupita kutoka kwa baba hadi kwa mwana, sawasawa na nasaba ya Omogusii. Mzee wa Kitutu anayeweza kuhesabu wana kwa baba hadi kwenye boma la Otenyo ana ushahidi ambao hakuna maabara iwezayo kuuunda, na nasaba nyingi za namna hiyo bado zimo vichwani mwa wazee tu. Kutoka Nyamache hadi Kitutu si safari ya siku mbili. Wanafunzi wana madaftari, na likizo ya Agosti inatosha kuanza.