Mtumbwi Utabeba Wangapi? Fizikia ya Mikono Huko Garsen

Mimi nilisoma chuoni kabla sijaingia skuli. Ubao wangu wa kwanza niliusugua mwenyewe, kalamu nikaichonga mwenyewe kwa mwanzi, na wino nikaukoroga mwenyewe kwa masizi ya chungu, kwani mwalimu wetu hakutaka kuona cha kununua. Skuli niliyoingizwa baadaye ilikuwa na kabati la vioo lenye vyombo vya sayansi vinavyong'ara, na miaka yote niliyokaa pale sikumbuki siku hata moja lililofunguliwa. Fizikia tuliihifadhi kama tulivyohifadhi mashairi, ila mashairi yalikuwa na ladha.

Nimeyakumbuka hayo juzi Garsen, katika Kaunti ya Tana River. Nilikwenda kwa shughuli nyingine kabisa, kutafuta nyimbo za wavushaji wa mto, na jamaa yangu mmoja anayesomesha sayansi akanikaribisha darasani kwake, gredi ya tisa. Mezani palikuwa na beseni la maji, kopo la rangi lililotobolewa matundu matatu, chombo cha plastiki cha kuwekea chakula, mirija ya soda, donge la udongo wa mfinyanzi na chupa ya maziwa. Kando yake, tabuleti moja na simu ya mwalimu mwenyewe. Hiyo ndiyo maabara.

Akaliweka kopo ukingoni mwa meza, akalijaza maji. Tundu la juu likatoa maji manyonge, yakaanguka karibu. La kati yakafika mbele kidogo. La chini yakaruka hata yakamrowesha msichana wa safu ya kwanza, na darasa zima likacheka. Mwalimu akauliza sababu. Kijana mmoja wa Kipokomo akajibu, "Mwalimu, ndiyo maana tuta la shamba letu lilianza kuvuja chini, si juu."

Hapo ndipo tabuleti ilipopata kazi. Chuo Kikuu cha Colorado, huko Marekani, kina mradi uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka uliotangulia. Mradi huo hutoa bure michezo ya sayansi ya kompyuta, mingine imekwisha tiwa Kiswahili, na ukiipakua mara moja waweza kuitumia pasipo intaneti. Mtoto hukishusha kipimo kwa kidole ndani ya maji ya kwenye kioo, naye huona namba zikipanda kadiri kina kinavyozidi. Lakini kopo lilitangulia, kioo kikafuata. "Nikianza na kioo," mwalimu aliniambia, "watadhani maji ni picha."

Maziwa yalikuwa zamu ya watoto wa Kiorma, wana wa wafugaji. Mrija huzibwa kwa udongo upande mmoja ili usimame wima majini, kisha hutiwa alama pale maji yanapofika. Katika maziwa mrija ule ule huzama kidogo zaidi? La, huzama pungufu, kwa kuwa maziwa ni mazito kuliko maji kwa kama sehemu tatu katika mia. Mrija uliozama sentimita 15 majini hupanda chini kidogo ya nusu sentimita ukiutia katika maziwa. Jicho langu halikuiona tofauti hiyo. Simu iliipiga picha, ikaikuza, tukaiona sote. Mwalimu akayachanganya maziwa na maji kwa siri, na mrija ukamfichua. Nawajua wachuuzi wawili watatu ambao hawangefurahi kuiona mirija hiyo sokoni.

Kisha likaja lile lililonifanya niandike makala haya. Chombo cha plastiki kilikuwa na kitako cha sentimita 20 kwa 10. Wakakielesha, wakatia mchanga gramu 200 walizopima kwa mizani ya duka. Kikashuka sentimita moja. Wakatia 200 nyingine, kikashuka nyingine. Wakachora mstari wao daftarini, ukanyooka kama uzi wa seremala. Msichana yule aliyeroweshwa akauliza, "Na mtumbwi je?"

Mwalimu akampa chaki. Tuseme mtumbwi unakalia maji eneo la mita mraba mbili: kila kilo 100 zitaushusha sentimita 5. Ikiwa mtumbwi mtupu una ukingo wa sentimita 20 juu ya maji, kilo 400 zaufikisha ukingo majini. Hao ni watu sita wa kadiri, mwenye upondo akiwa mmojawapo, kabla ya baiskeli, kabla ya gunia la mpunga, kabla ya mtu mmoja kusimama amwite nduguye ng'ambo. Darasa likanyamaza. Watoto hawa wamehamishwa na mafuriko mwishoni mwa 2023, na tena 2024. Aprili mwaka huo mashua ilipinduka katika maji ya mafuriko huko juu, baina ya Madogo na Garissa. Zaidi ya watu ishirini wakaokolewa, na wengine wakafa.

Vyombo havikuanza kuja leo. SEPU, kiwanda cha vifaa vya skuli, kiliundwa Nairobi mwaka 1976. Mwaka 1998 ukaja mradi wa SMASSE, kwa msaada wa Wajapani, uliomtaka mwalimu abuni chombo kwa alicho nacho. Na mwaka 2016 tabuleti zikaanza kugawiwa skuli za msingi. Hata hivyo naijua skuli, sitaitaja, ambayo tabuleti zake zimefungiwa kabatini zisiibwe, na kwa hakika haziibwi. Hali katika mtihani wa kidato cha nne karatasi ya tatu ya fizikia ni ya vitendo, na wako watahiniwa walioshika vyombo kwa mara ya kwanza siku ile ile.

Ibn al-Haytham wa Basra, aliyefariki Misri yapata 1040, yasimuliwa aliahidi kuyatawala mafuriko ya Nili akiwa bado hajauona mto. Alipokwenda akauona karibu na Aswan, akakiri kuwa hawezi. Baadaye akaandika kitabu kikubwa cha nuru na macho, na ndani yake madai mengi aliyapitisha kwenye jaribio.

Jioni nilikwenda kuvuka. Kijana wa tuta alikuwa amewahi, na ubavuni mwa mtumbwi wa ami yake amepiga mstari wa chaki, vidole vinne chini ya ukingo. Mzee alinung'unika, "Tangu lini watoto wa skuli wakatufunza mto?" Lakini maji yalipougusa mstari, aliinua upondo akasema basi, aliyebaki angoje safari ya pili. Walikuwa wanne ndani pamoja naye. Wa tano nilikuwa mimi, nikaketi juu ya gogo nikangoja.