Ng'ombe Auzwe Lini? Sheria za Kila Siku na Wakati wa Kumtafuta Wakili

Watanzania wanatucheka sisi Wapare. Wanasema Mpare akiibiwa kuku yuko radhi kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi, na akishinda anarudi nyumbani hana kuku wala ng'ombe, lakini kifua mbele. Mzaha huu nimeusikia kwenye basi la Moshi, nimeusikia msibani, nimeusikia hata kwa karani wa mahakama. Sikasiriki. Kwa kazi yangu nimeona Wachaga, Wasambaa na Wamasai wakiuza ng'ombe kwa kesi za kuku vilevile. Kosa letu sote haliko katika kuuza ng'ombe. Tunamuuza wakati ambao hawezi tena kutusaidia.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kileo, wilaya ya Mwanga, kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Upare Kaskazini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na baada ya kustaafu nikapata mafunzo ya kazi hii, inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Naruhusiwa kuelimisha, kuelekeza na kusaidia watu wapatane. Siruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili wala kumtoza mtu chochote. Kwa hiyo nikikuambia "hapa tafuta wakili" au "hapa tunza hela yako", sina changu ninachovuna.

"Shamba nimeuziwa, na karatasi ninayo"

Kileo tunalima kwa maji ya mifereji, na shamba lenye maji halikosi wenyewe wengi. Yupo mzee aliyeshuka zamani kutoka Usangi au Ugweno akafyeka pori. Yupo mwanawe aliyehamia Dar es Salaam. Yupo shemeji aliyeachiwa alitunze. Anakuja mnunuzi, wanaandikishana kwenye karatasi ya daftari, mashahidi wanatia saini, mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri, fedha inahesabiwa. Miaka inapita, kisha yule wa Dar es Salaam anarudi na kuuliza nani kalima shamba la baba.

Mnunuzi akinijia na karatasi yake, namuuliza mambo matatu. Aliyekuuzia ndiye mwenye mali? Mwenzi wake wa ndoa aliridhia? Halmashauri ya kijiji ilikaa kikao ikaidhinisha? Swali la tatu ndilo linalowanyamazisha wengi. Ardhi ya kijiji inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na Mahakama ya Rufani imekwisha kutamka kwamba mauzo ya ardhi hiyo yasiyo na idhini ya halmashauri ya kijiji ni batili. Muhuri wa kitongoji hauwi idhini. Hata muhuri wa mtendaji peke yake hautoshi. Kinachokulinda ni muhtasari wa kikao wenye jina lako, ukubwa wa shamba na mipaka yake.

Hapo ndipo ng'ombe anapostahili kuuzwa: kabla fedha haijatoka mfukoni. Wakili wa kuchunguza umiliki na kuandika mkataba wa mauziano anakugharimu kidogo ukilinganisha na wakili wa kukutetea baadaye katika ngazi tatu za mahakama. Na awe wakili wako wewe. Ukiletewa wakili na muuzaji, jua huyo ana mteja tayari.

Mgogoro ukishazuka, ngazi zake zinajulikana. Kwanza Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, ambalo kazi yake ni kupatanisha. Kisha Baraza la Kata. Wengi bado wanadhani baraza hili linatoa hukumu kama zamani, lakini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 limebaki na kazi ya usuluhishi tu. Likishindwa linakupa cheti cha kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kuendelea hata bila cheti. Hatua inayofuata ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Usiye na habari hii utapeleka kesi ya shamba Mahakama ya Mwanzo, upoteze msimu mzima, kisha uambiwe mahakama hiyo haina mamlaka juu ya ardhi.

Katika baraza la kijiji na la kata huhitaji wakili. Unahitaji wazee waliopanda masale ya mpakani, majirani wa pande zote, na muhtasari wako. Kwenye baraza la wilaya mambo yanageuka. Ushahidi ambao hukuutoa pale ni vigumu sana kuuingiza kwenye rufaa, na rufaa ya kwenda Mahakama Kuu, ambayo kwetu iko Moshi, ina siku 45 tu tangu hukumu. Shamba likiwa ndilo riziki ya nyumba, au mpinzani wako akija na wakili, nawe tafuta wako kabla ya kuandika hata mstari wa kwanza wa maombi. Wala usikae ukisema haki haiozi. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Jambo moja zaidi hapa: mgogoro wako ukiwa ni na kijiji chenyewe au na halmashauri ya wilaya, si na jirani, usijaribu peke yako. Lazima utoe notisi ya siku 90, umuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kesi isikilizwe Mahakama Kuu. Ukikosea hatua moja, kesi inafutwa kabla hata haki yako haijajadiliwa.

"Baba amefariki, mimi ndiye mkubwa"

Ukubwa wa kuzaliwa haukupi mamlaka juu ya mali ya marehemu. Mtoto wa kwanza akimshtaki jirani aliyesogeza mpaka wa shamba la marehemu, swali la kwanza atakaloulizwa ni kama ameteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi. Kama bado, kesi inaanguka, hata mpaka uwe umesogezwa mchana kweupe.

Mirathi ya kawaida haihitaji wakili. Chukua cheti cha kifo. Itisheni kikao cha familia au ukoo, mwandike muhtasari, wote watie saini, wajane na mabinti wakiwemo. Nendeni Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu, mjaze fomu ya maombi. Mahakama itatoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze. Msimamizi akishateuliwa ana miezi minne ya kurudisha mahakamani orodha ya mali na hesabu ya mgawanyo. Msimamizi anagawa. Hakuteuliwa ili arithi kuwapita wenzake, na akiuza shamba akala, mahakama inaweza kumwondoa na kumwajibisha.

Wakili anahitajika pale mnapobishania ni sheria ipi itumike. Huku kwetu ukoo mmoja unaweza kuwa na Waislamu wa Usangi, Walutheri wa milimani na Wasabato wa upande wa Same. Mmoja atasema marehemu alikuwa Mwislamu, mwingine atasema aliishi kimila, wa tatu atasema aliishi Kikristo, na kwa huyo sheria inayotajwa ni Sheria ya Mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika nchini. Kila jibu lina mahakama yake na mafungu yake. Hapo usibahatishe.

Vivyo hivyo binti akiambiwa ardhi ya ukoo haimhusu. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 lilimweka mwanamke nyuma katika urithi, na bado lipo. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na mila inayomnyima haki hiyo ni batili. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza alimpa haki mwanamke wa Kagera aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, akisema mila iliyomzuia ilipingana na Katiba. Anayetaka kuitumia hukumu kama hiyo mbele ya ukoo uliokaza msimamo anahitaji mtu anayeijua vizuri.

"Nyumba ni yangu, nimejenga kwa jasho langu"

Maneno haya yanasemwa sana na wanaume wanaotaka kuuza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia mwanandoa mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja. Mama, ukisikia mnunuzi amekuja kupima nyumba, usingoje fedha ilipwe. Peleka pingamizi kwa maandishi serikali ya kijiji, bakiza nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Ndoa ikivunjika, safari inaanzia baraza la usuluhishi la ndoa. Kuhusu mgawanyo wa mali, Mahakama ya Rufani ilitamka mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, kwamba kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni mchango katika kupatikana kwa mali. Wanaoisifu hukumu hiyo husahau mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu, kwa kuwa mahakama iliona mumewe alikuwa amempa fedha naye akazitumia vingine. Funzo lake ni kwamba mchango wako unatambuliwa, lakini utapimwa. Tunza risiti za bati na saruji, mama, hata zikiwa na jina la baba watoto.

"Ng'ombe wamekula mahindi, na rafiki amekula hela"

Mifugo ikiingia shambani, hasira inatangulia na ushahidi unachelewa. Kabla hujapalilia upya, mwite afisa ugani afanye tathmini ya hasara kwa maandishi, piga picha, mwite jirani ashuhudie, mpe taarifa mtendaji. Bila tathmini, utamwambia hakimu "mahindi mengi", naye hawezi kukuandikia fidia ya mengi.

Kwa deni, mkataba wa mdomo ni mkataba halali. Kinachokosekana ni uthibitisho. Ujumbe wa simu wa kutuma fedha na maneno ya WhatsApp ya "nitalipa mavuno yakitoka" ni ushahidi, kwa hiyo usivifute. Deni la mkataba lina ukomo wa miaka sita. Na deni ni jambo la madai, kwa hiyo kituo cha polisi si mahali pa kulikusanyia.

Madai haya yakiwa hayazidi shilingi milioni 30 yanafaa kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Kwa miaka mingi sheria iliwafungia mawakili mlango wa mahakama hiyo, na hata sasa wanaruhusiwa tu pale inapoendeshwa na hakimu mkazi. Imekusudiwa mtu ajisemee, kwa Kiswahili. Mgonjwa au mzee anaweza kuomba ndugu yake amwakilishe. Ukishindwa, rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Kumlipa wakili wa mjini kwa deni la madebe ya mahindi ndiyo hiyo kesi ya kuku.

Wakili wa kweli na kishoka

Nje ya mahakama nyingi hukosi mtu mwenye mkoba, suti iliyopauka na maneno mengi ya Kiingereza. Tunawaita vishoka. Kuandaa nyaraka za mahakamani kwa malipo wakati wewe si wakili ni kosa la jinai, na anayeumia ni mteja, kwa sababu nyaraka zinakataliwa na muda wa rufaa unakwisha.

Wakili wa kweli ameandikishwa katika orodha ya mawakili, ana namba yake, na anahuisha leseni kila mwaka. Jina lake unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili. Kijana yeyote mwenye simu janja atakusaidia. Muulize bei ya kazi nzima, si ya "kuanzia". Muulize nani atalipia nauli za mashahidi. Andikishaneni, na kila unapolipa dai risiti. Kabidhi nakala, hati halisi zibaki kwako mpaka mahakama izitake. Akikudhulumu, Kamati ya Mawakili ndiyo inayosikiliza malalamiko. Na wakili anayekuahidi ushindi kabla hajasoma karatasi zako, muage.

Asiye na uwezo naye asikate tamaa. Moshi lipo shirika la KWIECO, linalowasaidia hasa wanawake na watoto. Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA, nacho hutoa msaada. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imekuwa ikizunguka mikoani. Ofisi ya halmashauri ya wilaya inaweza kukuelekeza kwa msajili msaidizi wa watoa msaada wa kisheria.

Nikiulizwa lini mtu aajiri wakili, jibu langu ni hili. Muajiri kabla ya kununua ardhi, kabla ya kuweka shamba au nyumba rehani, mnapobishania sheria ya kurithi, unapoishtaki serikali, na kesi inapofika baraza la wilaya na kwenda juu. Mengineyo yamalize kwa karatasi, mashahidi na usuluhishi. Na wewe unayesoma haya, wiki hii tafuta karatasi ya shamba lako. Kama haina muhtasari wa halmashauri ya kijiji, nenda ofisi ya mtendaji ukaanze kuulizia, wakati aliyekuuzia bado yu hai na mashahidi bado wanakumbuka.