Bustani Kivu: Ua la viola huchanua muda mrefu likizuiwa kuzaa mbegu

Wakaaji wengi wa Bukavu, Goma na Butembo wana kipande kidogo tu cha udongo mbele ya nyumba. Lengalenga na vitunguu ndivyo vinavyopewa nafasi ya kwanza. Mwenye kutaka maua anapashwa kuchagua lile lisilodai nafasi kubwa na lisilokufa haraka. Viola ni moja kati ya hayo.

Ni ndugu mdogo wa pensée: maua yake ni madogo, lakini ni mengi. Viola za bustani zimetokana kwa sehemu kubwa na mmea wa milima ya Pyrénées, kati ya Ufaransa na Uhispania. Kwa hiyo haziogopi sana baridi. Kinachozichosha ni joto. Miji yetu ya mwinuko wa metre 1,500 hivi au zaidi inazifaa kuliko Kindu au Kisangani. Hata milima yetu ina viola yake ya asili, inayotambaa pembeni mwa misitu.

Panda mbegu katika bidoni iliyokatwa na kutobolewa chini, mvua za Septemba zinapoanza. Zifunike kwa udongo mwembamba, kwani huota vizuri gizani, kwa muda wa majuma mawili hivi. Miche ikipata majani manne, ihamishe na kuiachanisha sentimeta 15 hadi 20, mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri.

Udongo wa lava wa Goma hupitisha maji haraka: ongeza samadi iliyooza, kisha tandaza majani makavu juu. Udongo mwekundu wa Bukavu hushika maji: inua tuta, la sivyo mizizi itaoza.

Siri ya kuchanua miezi mingi iko kwenye vidole. Mmea uliokwisha kuzaa mbegu hupunguza maua, kama vile kazi yake imeisha. Basi, mara mbili kwa juma, ng'oa kila ua lililonyauka pamoja na kikonyo chake. Mmea ukirefuka na kukonda, ukate nusu na kuumwagilia; utachipuka upya.

Lakini mbegu za pakiti ni ghali, na ukiyang'oa maua yote utalazimika kununua tena. Acha miche miwili pembeni izae. Vifuko vya mbegu vikiinua kichwa, vichume upesi na kuvikausha ndani ya karatasi, kwa sababu vikipasuka hurusha mbegu mbali.

Kama pakiti imeandikwa F1, watoto hawatafanana na mama. Hapo chukua machipukizi ya chini yasiyo na ua na kuyapanda katika mchanga wenye unyevu, kivulini.

Kwa njia hiyo, pakiti moja inaweza kupamba mlango wako miaka mingi, na jirani naye akapata miche.