VIMBUNGA VYA BAHARI NA WAKAZI WA RUVUMA

Wapo wanaodhani kuwa kimbunga ni jambo la watu wa pwani peke yao. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa, kwani Mto Ruvuma huanzia milima ya Matogoro, karibu na Songea, na kuishia Bahari ya Hindi.

Kimbunga hupata nguvu kutoka bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi. Joto likizidi, upepo huzidi ukali. Aidha, hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvua huwa kubwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, Msumbiji, kusini mwa mto huo. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia.

Upepo huvunja mikoko, ambayo ni kinga ya pwani na mazalio ya samaki. Mvua nayo ikinyesha juu ya milima isiyo na miti, udongo huchukuliwa na mto hadi baharini na huweza kufunika matumbawe.

Kwa hiyo wananchi wanahimizwa wasilime wala kukata miti katika vyanzo vya maji vya Matogoro. Watumishi wa kata nao wafikishe tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa bila kuchelewa.