Kitambi na Afya ya Ini: Wanaume Wahimizwa Kupima Viuno

Katika jamii yetu, mwanaume anapoota kitambi husifiwa kwamba mambo yake yamemnyookea. Sifa hiyo huficha madhara yanayoanza taratibu ndani ya tumbo, hususani kwa wanaume waliofikia umri wa miaka 40 na kuendelea. Kiungo kimojawapo kinachobeba mzigo huo ni ini.

Mafuta ya mwili hayakai mahali pamoja. Yapo yaliyo chini ya ngozi, ambayo mtu huweza kuyashika kwa vidole, na yapo yanayozunguka utumbo na viungo vingine vya ndani. Haya ya pili ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. Damu itokayo kwenye utumbo huelekea moja kwa moja kwenye ini, hivyo mafuta yanayoachiliwa eneo hilo hulifikia ini kwanza. Aidha, mrundikano huo hudhoofisha utendaji wa insulini, homoni inayoratibu matumizi ya sukari mwilini, na ini huzidi kugeuza sukari kuwa mafuta.

Mafuta yakizidi asilimia 5 ya ini, hali hiyo huhesabiwa kuwa ugonjwa wa ini lenye mafuta. Huweza kumpata hata asiyekunywa pombe. Anayekunywa hujiongezea hatari. Kwa baadhi ya watu ini huvimba, hujenga makovu, na baada ya miaka mingi hufikia sirosisi au saratani. Kwa kawaida ini haliumi mapema. Macho kuwa ya manjano na tumbo kujaa maji ni dalili zinazojitokeza wakati ugonjwa umekwisha kukomaa.

Uchunguzi wa awali waweza kufanyika nyumbani kwa futi kamba ya fundi cherehani. Simama wima, toa pumzi kwa kawaida bila kubana tumbo, kisha zungusha futi katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga. Mwanaume mwenye sentimita 94 au zaidi anashauriwa kufika katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, hata kama anajiona mzima. Huko atapimwa uzito, shinikizo la damu na sukari. Mtaalamu akiona haja ya vipimo vya damu vya ini au ultrasaundi, atampa rufaa.

Habari njema ni kwamba mafuta ya ini huweza kuondoka. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 4 hadi 5, mafuta hayo huanza kupungua. Akifikisha 9, hata uvimbe wa ini huweza kutulia. Njia yenyewe ni kupunguza soda, sukari ya chai, chipsi na kiasi cha ugali, kuongeza mboga za majani na maharage, na kutembea kwa haraka dakika 30 kwa siku 5 za wiki. Wananchi wajihadhari na dawa za kuyeyusha kitambi zinazouzwa mitaani, kwani baadhi yake huweza kuliumiza ini lilelile linalohitaji kuponywa.

Baba anayetegemewa na familia asisubiri macho yageuke manjano. Apime kiuno leo.