Watoto wa Kibanja

Muulize Mhaya aliyekulia kijijini akueleze habari za bibi yake, naye ataanza na mgomba. Atakutajia upande wa nyumba ambako bibi alipanda maharage, mbuni ambao watoto walikatazwa kuuparamia, na jiwe lililonolewa visu. Sura ya bibi itafuata baadaye sana. Katika vijiji vya Bukoba, Muleba na Missenyi, mkoani Kagera, watu hukumbukwa pamoja na kazi zao na pale walipozifanyia, na pale penyewe karibu kila mara ni kibanja.

Kibanja ni shamba na ni nyumbani kwa wakati mmoja. Nyumba hukaa ndani yake, migomba imeizunguka hivi kwamba aliye barabarani huenda asione hata paa. Chini ya migomba kuna mibuni, chini ya mibuni kuna maharage na magimbi, na hapa na pale umeachwa mti mkubwa wa kivuli. Mvua ya upande wa ziwa ni nyingi mno. Mjini Bukoba hufikia takribani milimita 2,000 kwa mwaka, na mvua ya namna hiyo huosha rutuba yote ya udongo. Wahaya walijibu kwa samadi ya ng'ombe na kwa nyasi walizokata rweya, ule uwanda wa wazi ulio nje ya makazi, wakazitandaza chini ya migomba mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana familia imeweza kula kwenye kipande kile kile kwa vizazi kadhaa. Na aliyebeba mzigo wa nyasi kutoka rweya akiwa mtoto, zikimchoma shingoni njia nzima, hawezi kuambiwa kwamba kibanja hujiotea chenyewe.

Msichana alipewa kisu mapema, hata kabla hajaanza shule. Aliketi kando ya bibi, ndizi mbichi mkononi, akaonyeshwa namna ya kuchana ganda kwa urefu na kulibandua bila kuondoka na nyama ya ndizi. Utomvu ulimganda vidoleni ukageuka mweusi, na maji matupu hayakuutoa. Bibi alimenya bila kutazama, huku akiendelea na habari za kijiji. Mjukuu akimaliza moja, bibi yuko kwenye ya nne. Ndizi zilitiwa majini, kisha zikapangwa chunguni juu ya maharage yaliyokwisha kuiva nusu, zikafunikwa na majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni ili yasichanike. Zilipoiva zilipakuliwa juu ya jani jingine lililotandikwa sakafuni, watu wakakaa kulizunguka. Ile harufu ya jani la mgomba lililokutana na mvuke haipatikani kwenye sufuria ya mjini, hata ndizi ziwe zimetoka Bukoba jana yake.

Wakati wa kula mlango uliegeshwa. Mgeni asiyejua desturi aliweza kudhani ni uchoyo, lakini sivyo. Chakula cha nyumba kilikuwa siri ya nyumba, wingi wake na uchache wake, na mtoto aliyezurura kwa jirani saa ya kula alikemewa vikali aliporudi. Mwenye kidogo alikila bila kuchunguliwa. Hiyo ni heshima kubwa kwa maskini, na inastahili kuelezwa hivyo kwa watoto wanaokulia kwenye nyumba za kupanga, ambako chungu cha kila mtu kinaonekana uani.

Babu, kwa upande wake, hukumbukwa kwa kahawa. Robusta ilikuwepo Buhaya, nchi ya Wahaya, kabla ya Wajerumani kufika, na haikuwa ya kunywa. Tunda lake lilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, likakaushwa juani, likawa la kutafuna. Mgeni hakuulizwa shida yake kabla hajapewa kahawa, na aliyetumwa kuipeleka ni mtoto: mikono miwili, magoti chini, salamu ya adabu, kisha aondoke bila kusikiliza mazungumzo ya wakubwa. Kahawa hiyo hiyo ilifunga undugu wa kuchanjiana, omukago. Watu wawili waligawana punje mbili za tunda moja, kila mmoja akala iliyopakwa damu ya mwenzake, na tangu hapo watoto wa huku wakawa watoto wa kule.

Baadaye kahawa ikawa fedha, na fedha ikawa ada ya shule. Ikaanikwa kwenye mikeka uani, na hapo ndipo penye kumbukumbu ambayo karibu kila aliyekulia huko anayo: wingu linapanda kutoka ziwani, mtu anapiga kelele, na nyumba nzima inatoka mbio kuanua kabla ya matone ya kwanza. Aliyekuwa anacheza anaacha mchezo. Aliyekuwa anaoga anatoka na povu. Hakuna aliyeuliza zamu ni ya nani.

Ndizi za pombe zilikuwa na siku yake. Zilivundikwa hadi zikaiva, zikamenywa, zikatiwa kwenye kihori cha mti na kukanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi hadi maji yake yakatoka. Maji hayo, yakiwa bado matamu, yalikuwa haki ya watoto, nao walijipanga na vibuyu vyao bila kuitwa. Yaliyobaki yalichanganywa na mtama uliokaangwa, yakaachwa yachachuke, yakawa rubisi ya wakubwa. Ikinywewa jioni na mpiga enanga, ile ala ya nyuzi, akiwapo, mashujaa wa kale walirudi kwa nyuzi na sauti. Profesa Mugyabuso Mulokozi, mwana wa huko, alizifanyia tendi hizo za enanga utafiti wa miaka mingi, na kazi yake imeokoa sehemu kubwa ya yale ambayo watoto wa siku hizo waliyasikia huku wakisinzia mapajani mwa wazazi.

Lakini ukitaka kumwona mtu mzima akirudi utotoni mbele ya macho yako, mtajie senene. Wadudu hawa wa jamii ya panzi huja kwa makundi mvua za vuli zikikolea, hasa Novemba na Desemba. Zamani habari ilienea alfajiri kwa sauti, nyumba ikiita nyumba, na akina mama na watoto wakaingia rweya wakati umande ungali umewalemea senene mabawa. Saa hiyo hawarukii mbali. Unawaokota majanini mmoja mmoja, wengine kijani, wengine kahawia, unawatia kwenye kikapu na kukiziba mdomo kwa jani. Nyasi zinakukata mikono na nguo inalowa hadi kiunoni. Jua likishapanda kidogo, senene wanaamka, na kazi imekwisha.

Kisha kuchambua. Ungo uliwekwa katikati, shangazi, binamu na jirani wakauzunguka, mabawa na miguu yakatolewa kwa haraka ambayo mgeni hawezi kuiiga. Ni kwenye ungo huo watoto waliposikia ni nani amechumbiwa, nani amegombana na wifi yake, na jinsi baba yao alivyokuwa mtundu alipokuwa na umri wao. Senene walikaangwa bila mafuta, kwa kuwa wana ya kwao, wakatiwa chumvi na kitunguu.

Hata hivyo, ipo sehemu ya desturi hii isiyostahili kupambwa. Wanawake waliowakamata, kuwachambua na kuwakaanga hawakuruhusiwa kuwala. Mke alimpelekea mumewe senene, naye mume akamshukuru kwa nguo mpya. Kuku na mayai vilikuwa na mwiko wa namna hiyo hiyo. Mabibi wengi walizeeka wakipikia wengine kitu wasichokionja. Mwiko huo umevunjika, na vyema umevunjika. Siku hizi senene huvutwa usiku kwa taa kali, wakajigonga kwenye mabati yaliyosimamishwa na kuteleza hadi ndani ya mapipa, na wanaowanunua stendi ya Bukoba ni wanawake kwa wanaume, kila mtu na mfuko wake.

Kizazi kimoja kina kumbukumbu nzito zaidi za bibi kuliko kingine chochote. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera, na kabla jina hilo halijazoeleka watu waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizoingia kwa magendo kutoka Uganda. Ugonjwa uliwachukua wazazi na kuwaacha wazee na watoto. Bibi aliyekuwa amemaliza kulea akaanza tena, na wajukuu watano au zaidi, jembe moja na migomba ile ile. Walimu, wauguzi na wafanyabiashara wengi wa Kagera walilelewa hivyo. Hawakuachiwa fedha, waliachiwa kibanja kilichotunzwa, na kibanja kiliwalisha. Deni la taifa kwa wanawake wale halijawahi kutajwa inavyostahili.

Wengi wao wamezikwa hapo hapo walipolima. Mhaya huzikwa kwenye kibanja cha familia, na akifia Dar es Salaam au Mwanza, ndugu huchangishana mpaka mwili urudi. Desemba, mabasi yanapojaa watu wanaokwenda nyumbani kwa Krismasi, siku ya kwanza hufyekwa majani makaburini na watoto waliozaliwa mjini huonyeshwa nani amelala wapi.

Hapo ndipo swali la mabinti linapojitokeza. Mila iliwapa wanaume ardhi ya ukoo, na mwanamke, hata alipoirithi, hakuruhusiwa kuiuza. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa Kihaya, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza kwa mtu asiye wa ukoo, na mpwa wake akaenda mahakamani. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kuuza ardhi hiyo, kwa kuwa haki za binadamu zilikwisha kuingizwa katika Katiba mwaka 1984. Hukumu hiyo inafundishwa vyuoni hadi leo. Kwenye vikao vya ukoo bado inabishaniwa, na wanaoibishania ni kaka na dada walioanua kahawa pamoja wakikimbia mvua. Dada wanataka majina yao yaandikwe kwenye shamba walilolibebea nyasi, na wana kila sababu ya kutaka hivyo.