Sheria za Simu, Biashara ya Mitandao na Hakimiliki katika Tanzania

Zamani mtunzi wa utenzi katika pwani ya Afrika ya Mashariki alikuwa na njia moja ya kuwajulisha watu kwamba kazi ni yake: alitia jina lake, na pengine jina la baba yake na la mji wake, katika beti za mwisho. Alama hiyo ilitosha maadamu utenzi uliandikwa kwa mkono na kusomwa mbele ya watu waliojuana. Leo wimbo uliorekodiwa Unguja asubuhi waweza kusikika Mwanza, Muscat na Toronto kabla ya adhuhuri, na kila ausikiaye aweza kumpelekea mwenziwe kwa gharama ndogo mno. Jina katika ubeti wa mwisho haliwezi tena kuilinda riziki ya mtunzi. Kinga yake imo katika sheria, na sheria zenyewe si moja bali ni za namna tatu: sheria za mawasiliano ya simu, sheria za biashara ipitayo mitandaoni, na sheria za mali itokanayo na akili ya mtu. Kila moja ilizaliwa wakati wake na kwa sababu yake, lakini zote zimekutana ndani ya chombo kimoja kidogo kichukuliwacho mfukoni.

Sheria za simu ndizo zenye historia ndefu. Hadi mwaka 1977 posta na simu za Kenya, Uganda na Tanzania ziliendeshwa kwa pamoja chini ya Jumuiya ya Afrika ya Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka huo, kila nchi ilibaki na shirika lake. Katika Tanzania shirika moja la serikali liliendesha posta na simu, likapanga bei, na tena likawa ndilo mwamuzi wa ubora wa kazi yake lenyewe. Sheria za mwaka 1993 zilitenganisha mambo hayo: posta ikawa mbali, simu zikawa mbali chini ya kampuni ya TTCL, na tume ikaundwa kusimamia wote watakaotoa huduma. Mwaka 2003 tume hiyo iliunganishwa na ile ya utangazaji, ikawa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Sababu ya kuunganisha ni kwamba tofauti ya zamani baina ya simu, redio na televisheni ilikuwa ikififia, kwani waya mmoja, au mawimbi yale yale ya hewani, yaweza kubeba sauti, picha na maandishi.

Kwa ajili hiyo, tangu mwaka 2005 leseni hazitolewi tena kwa kufuata jina la chombo, bali kwa kufuata kazi itendwayo. Iko leseni ya mwenye minara na nyaya. Iko ya mwenye kuendesha mtandao upitao juu ya minara hiyo. Iko ya mwenye kumwuzia mwananchi huduma. Na iko ya mwenye kutoa maudhui, yaani habari, nyimbo na michezo. Mtu mmoja aweza kuwa na leseni zaidi ya moja. Utaratibu huo ulitiwa nguvu na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Masafa ya hewani nayo huhesabiwa kuwa mali ya taifa: kampuni hukodishwa, haiuziwi. Na kwa kuwa mfanyabiashara hapendi kujenga mnara mahali penye watu wachache, sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ili vijiji vilivyo mbali visisahauliwe.

Nyaya za chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, njia ya kwenda ulimwenguni, ambayo kabla ya hapo ilitegemea zaidi setilaiti zenye gharama kubwa, ilipanuka sana. Tangu hapo swali halikuwa tena tu kama simu itapatikana, bali ni biashara gani itakayopita ndani yake, na nani atakayefaidika.

Katika biashara hiyo, desturi ilitangulia na sheria ikafuata nyuma. Huduma ya kutumiana fedha kwa simu ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kwa miaka kadhaa wakulima, wavuvi na wachuuzi walitumiana fedha kwa njia ambayo haikuwa na sheria yake hasa, nayo Benki Kuu ikaisimamia kwa barua na maelekezo. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ilipitishwa mwaka 2015. Mwaka huo huo zikaja sheria mbili nyingine: ya miamala ya kielektroniki na ya makosa ya mtandao. Sheria ya miamala ndiyo iliyokubali kwamba mkataba usikataliwe kwa sababu tu ya kuandikwa ndani ya mtambo na si juu ya karatasi, na kwamba saini yaweza kuwa ya namna nyingine isiyokuwa ya wino. Hatimaye, mwaka 2022, ilitungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa sheria hiyo, jina, picha na habari za mtu si mali ya kampuni iliyozikusanya ifanye nazo ipendavyo.

Ushuru nao una matata yake. Kitabu kikija kwa meli hupita forodhani. Kitabu hicho hicho kikija kwa mtandao hakipiti popote panapoonekana. Mwaka 1998 wanachama wa Shirika la Biashara la Dunia walikubaliana wasitoze ushuru wa forodha juu ya vitu vipitavyo kwa njia ya umeme, nao wakawa wakiyarefusha makubaliano hayo mkutano hata mkutano. Nchi tajiri, ambazo ndizo zenye kuuza zaidi vitu vya namna hiyo, ziliyapenda; India na Afrika ya Kusini zililalamika kwamba nchi zenye kununua hupoteza mapato. Katika mkutano wa Abu Dhabi mwaka 2024 yalirefushwa tena, lakini kwa ukomo uliotajwa. Tanzania yenyewe ilishika njia nyingine: kwa sheria ya fedha ya mwaka 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 juu ya mapato wayapatayo nchini wauzaji wa huduma za kidijitali wasiokuwa wakazi. Hiyo si ushuru wa forodha, bali ni kodi ya mapato.

Katika mali ya akili, yapasa kutenga maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Hataza ni haki ya mvumbuzi wa chombo au njia mpya ya kufanya kazi, nayo haipatikani ila kwa kuombwa na kuandikishwa. Alama ya biashara ni jina au mchoro utofautishao bidhaa za mfanyabiashara mmoja na za mwingine. Hakimiliki ni haki ya mwandishi, mtunzi, mchoraji au mwimbaji juu ya kazi yake, nayo huanza pale kazi inapokamilika, hata kama haikuandikishwa mahali. Jambo ambalo hakimiliki hailindi ni wazo tupu. Mtu yeyote aweza kutunga shairi juu ya mapenzi au dhuluma; asichoweza ni kuchukua beti za mwenziwe na kuzitoa kuwa zake.

Tofauti hiyo yaeleza vizuri ile kelele iliyozuka juu ya maneno «hakuna matata». Kampuni ya Disney iliomba kuyaandikisha katika Marekani mwaka 1994, ikapata mwaka 2003, nayo ni alama ya biashara juu ya mavazi. Mwaka 2018 zaidi ya watu laki moja walitia saini kuipinga. Kwa hakika hakuna Mswahili aliyekatazwa kuyatamka, wala mwimbaji aliyekatazwa kuyaimba. Walakini uchungu wa watu ulikuwa na msingi: maneno ya kila siku ya watu wa pwani, ambayo kundi la Them Mushrooms la Kenya lilikuwa limeyaimba tangu mwaka 1982 katika «Jambo Bwana», yalikuwa yamempa faida ya pekee mtu wa mbali katika soko ambalo wenyewe hawakuwa na mtu wa kuwasemea.

Hakimiliki katika Tanzania Bara huongozwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1966. Haki hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Mathalan, Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Miaka 50 tangu kifo chake ilitimia mwaka 2012. Kwa kuwa Tanzania huhesabiwa katika nchi zilizo nyuma kabisa kwa maendeleo, Shirika la Biashara la Dunia limeipa yenyewe na wenziwe muda hadi 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kuyatimiza masharti yote ya mkataba wa mali ya akili. Muda huo ni nafasi ya kutunga sheria zifaazo nchi. Si ruhusa ya kumwacha mtunzi bila kinga.

Hapo ndipo lilipo fundo gumu zaidi. Katika Katiba, posta na simu ni mambo ya Muungano. Hakimiliki si jambo la Muungano. Zanzibar ina Sheria yake ya Hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, na alama ya biashara iliyoandikishwa Dar es Salaam haina nguvu Unguja mpaka iandikishwe huko pia. Utangazaji nao una tume yake Zanzibar. Basi mwimbaji wa taarab akiimba Unguja, wimbo wake ukirushwa kwa redio ya huko uko chini ya mamlaka moja, ukipita katika simu uko chini ya nyingine, na ukiibwa Tanga shauri lake hufuata sheria ya Bara. Sauti yavuka bahari kwa nukta moja. Haki yake yapasa ipande chombo.

Kwamba mambo haya si ya vitabuni tu kulidhihirika mwaka 2016, Mahakama ya Wilaya ya Ilala ilipoiamuru kampuni moja ya simu iwalipe wanamuziki wawili zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kuzitumia nyimbo zao kuwa miito ya simu bila idhini. Hukumu ilikatiwa rufaa, lakini fundisho lake lilibaki: leseni ya kuendesha mtandao si idhini ya kuuza kipitacho ndani yake.

Lakini mtu hadai haki asiyoijua. Kwa miaka mingi sheria hizi ziliandikwa kwa Kiingereza, hali watu wanaofungwa nazo husema Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania. Tangu hapo kazi ya kutafsiri imekuwa pia kazi ya kuchagua: je, neno fulani lieleweke na mvuvi wa Kilwa, au na mwanasheria peke yake? «Hakimiliki» limekwisha kukaa vinywani mwa watu. «Hakishiriki», yaani haki ya mwimbaji, ya mwenye kurekodi na ya mtangazaji juu ya kazi iliyotungwa na mwingine, bado ni geni kwa wengi, ijapokuwa ndilo limgusalo kila kijana aimbaye nyimbo za watu na kuzirekodi kwa simu yake.

Mkataba wa mwimbaji na kampuni ya simu aghalabu huwa kurasa kadhaa, na saini yake huwa kidole kimoja juu ya kioo. Akiwa amezielewa kurasa hizo, sheria zote tatu ziko upande wake. Akiwa hakuzielewa, huenda akawa ameuza kwa dakika moja kitu ambacho sheria ilitaka kiwafae hata watoto wake kwa miaka 50 baada ya kufa kwake.